Milioni 400 za shule na kikao kilichovunjika: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu barua nyingi hazikutoka kwa mtu na akiba yake, zimetoka kwa bodi, wadhamini, kamati, watu wanaoshika hela ambayo si yao. Nimefurahi kwa sababu hapo ndo kuna utamu, maana mtu akipoteza hela yake analia peke yake ila bodi ikipoteza hela inalia na mkutano mkuu mzima. Haya, tuanze na hii ndefu.

Ndugu mwandishi, mimi ni katibu wa bodi ya shule moja ya sekondari mkoani Kilimanjaro. Wahitimu wetu wamechanga hadi tumefika milioni 400, tunataka uwe mfuko wa kudumu, faida yake isomeshe watoto 24 kila mwaka (ada ni 1,200,000 kwa mtoto). Mwenyekiti anataka zote ziende bondi ya serikali ya miaka 25. Mkuu wa shule anasema hapana, fiksidi benki, yaani kufungia hela kwa muda maalumu, ndo salama. Kuna kijana mhitimu yuko Marekani anasema tufanye kama mfuko wa Chuo Kikuu cha Yale. Kikao kimevunjika mara mbili. Halafu kuna bweni, paa lake litahitaji kama milioni 120 ndani ya miaka miwili. Tufanyeje?

Katibu, umeweka bweni mwisho kabisa kama salamu za kufungia barua, na mimi nakwambia bweni ndo jibu lenyewe. Nyie hamna mfuko wa milioni 400. Mna mfuko wa milioni 280 na paa la bweni. Zile 120 zina tarehe, ziko njiani kuondoka, na hela iliyo njiani kuondoka haiingii bondi ya miaka 25 hata kama riba yake inameremeta vipi.

Mwenyekiti atasema si tutaiuza tu sokoni siku tukihitaji? Sawa, bondi inauzika, ila kwa bei ya siku hiyo. Angalia kilichotokea hapa hapa kwetu: 2021 Benki Kuu ilipoleta bondi ya miaka 25 kwa mara ya kwanza ilikuja na kuponi (riba ya kila mwaka) ya 15.95%, mwaka uliofuata mpya zikashushwa hadi 12.56%. Aliyeshika ya 2021 alichekelea. Sasa geuza: una ya 12.56% mkononi, mnadani mpya zinalipa tuseme 15.5%, nani atanunua yako kwa bei ya kawaida? Ukipiga hesabu inatoka kama shilingi 81 au 82 kwa kila 100. Kwenye milioni 120 hiyo ni zaidi ya milioni 20 zimeyeyuka, yaani paa limepungua upande mmoja, na serikali haijakosa kukulipa hata senti. Kosa ni kuhitaji hela kabla ya wakati wake, basi.

Kwa hiyo 120 ziende dhamana za serikali za muda mfupi za siku 364, au bondi ya miaka 2 kama mnada wake unaangukia vizuri na ratiba ya fundi, au mfuko wa Ukwasi wa UTT (kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja) ambao hela unaitoa haraka. Riba itakuwa ndogo, kubalini.

Sasa zile 280. Tuchukue 13% kwa mahesabu tu (mnada wenu utasema vingine), hiyo ni milioni 36.4 kwa mwaka. Mkizila zote, mtoto wa mwaka wa 25 ataikuta ile ile 280 kwenye karatasi, ila bei zikipanda 4% kwa mwaka thamani yake itakuwa kama ya milioni 105 za leo. Mfuko wa kudumu hapo uko wapi? Kwa hiyo kwanza rudisheni 4% ndani, ambayo ni milioni 11.2. Inabaki 25.2. Gawa kwa 1,200,000. Watoto 21.

Si 24. Najua hilo litawasha moto kikaoni, hasa kama mshawaahidi watu majina, lakini afadhali kelele sasa hivi kuliko kumrudisha mtoto nyumbani akiwa kidato cha tatu. Na 21 ni dari jamani, msiifanye sakafu, maana sehemu ya hizo hela lazima ikae mahali inapolipa chini ya 13.

Ningekuwa nyie ningegawa hivi: milioni 20 zikae karibu, za ada ya muhula mmoja mambo yakikwama, 50 bondi za miaka 5 hadi 10, 180 bondi ndefu za 20 na 25 lakini si kwa mnada mmoja, nunueni vipande vinne au vitano ndani ya mwaka mzima ili msishike bei ya siku moja mbaya, na 30 hisa au mfuko wa Umoja wa hao hao UTT. Mwenyekiti atauliza hisa za nini. Kwa sababu kuponi ya bondi haikui, ile ile miaka 25, wakati ada inapanda kila baada ya muda. Gawio la benki nzuri linaweza kukua nayo. Linaweza pia lisikue, Vodacom iliuzwa 850 kwa hisa mwaka 2017 na waliopanga foleni wakaja kuiona inashuka chini ya hapo miaka na miaka, ndo maana nimesema 30 sijasema 130.

Kwa mkuu wa shule. Mwalimu, shikamoo, ila fiksidi si salama kama unavyodhani. Bima ya amana kwetu inakinga hadi 7,500,000 kwa mteja kwenye benki moja, kwa hiyo ukiweka milioni 280 benki moja ujue zaidi ya 272 zinategemea afya ya benki hiyo tu. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa mkupuo, na zilikuwemo za wananchi wenyewe kama ya Njombe, Meru na ile ya wakulima Kagera. Tena fiksidi ina ugonjwa mwingine ambao nimeuona kwa macho. Kamati moja niliyokaa tulikuwa na fiksidi inaiva Ijumaa, watia saini watatu, mmoja kasafiri msibani Sumbawanga simu haishiki, Jumatatu tunafika benki na chupa yetu ya chai tukidhani ni kikao cha furaha, tunaambiwa imeshajirudia yenyewe mwaka mzima kwa riba ya chini kuliko ile ya mwanzo, na mkiivunja mnapoteza riba yote. Ilikuwa kwenye fomu, ukurasa wa pili, kiboksi kidogo kimetikiwa. Alietiki ni mimi.

Na kuna kisa cha Nobel, hii zawadi kubwa ya Sweden, ambacho huwa nakisimulia kila nikikutana na mtu wa "tuweke salama tu". Alfred Nobel aliacha wosia kwamba mali yake iwekwe kwenye dhamana zilizo salama. Wasimamizi wakaelewa bondi na mikopo yenye rehani, basi. Zawadi ya 1901 ilikuwa krona 150,782. Kufika 1923 imeshuka hadi karibu 115,000 kwa sababu kodi ilikuwa inawala, na bei za vitu nazo zikawa zinakula upande wa pili. Kodi waliondolewa 1946, ruhusa ya kununua hisa kwa uhuru wakaipata 1953, na thamani halisi ya zawadi ilikuja kurudi pale ilipoanzia mwaka 1991. Miaka 90! Hakuna aliyeiba, hakuna benki iliyoanguka. Walikaa salama tu.

Sasa kijana wetu wa Marekani, kaka, nakuelewa, Yale inavutia. David Swensen aliuchukua ule mfuko 1985 ukiwa na dola bilioni 1.3 hivi, amefariki 2021 umeshapita bilioni 30. Lakini alikuwa na ofisi nzima ya wachambuzi, na mameneja wa mitaji binafsi waliomfungulia mlango kwa sababu ni Yale. Bodi ya Kilimanjaro inayokutana mara nne kwa mwaka, tena mara mbili inavunjika, inaigaje hilo? Harvard yenyewe, yenye hela kuliko Yale, ilijifungia kwenye vitu visivyouzika haraka, mwaka wa fedha ulioishia Juni 2009 ikapoteza 27%, na katikati ya dhoruba ikabidi ikope dola bilioni 2.5 kwa kuuza bondi ili mambo yaende. Chuo tajiri kuliko vyote duniani kimekosa hela ya mkononi.

Ila kuna kitu cha Yale cha kuiba, na hakihitaji ofisi. Ni kanuni yao ya kutumia. Matumizi ya mwaka huu yanatokana 80% na kile mlichotumia mwaka jana na 20% na thamani ya mfuko ikizidishwa na asilimia waliyojiwekea, yao ni 5.25. Kwa hiyo mwaka mzuri hamrukii juu, mwaka mbaya hamfukuzi watoto. Iandikeni kwenye katiba ya mfuko mkiweka asilimia yenu, halafu mwenyekiti ajaye akitaka kuchota ya kununua Coaster ya shule akutane nayo pale.

Habari ya kazi. Mimi ni trastii kwa skimu ya pensheni ya wafanyakazi hapa Nairobi, tulichaguliwa na wanachama. Fandi meneja wetu ameweka 78% kwa bondi za serikali. Ametuletea ripoti na faida kubwa sana na anataka ada yake iongezwe. Wengine kwa bodi wanasema riba zimeshuka, tutoe pesa tupeleke ng'ambo kwa dola. Sisi si watu wa fainansi, tutamjibu aje?

Ndugu trastii, 78 si kosa kisheria, RBA (mamlaka ya pensheni ya Kenya) inawaruhusu hadi 90% kwa serikali, hadi 70% kwa hisa za soko na 15% ng'ambo. Swali ni hiyo faida imetoka wapi. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza bondi ya miundombinu kwa 18.46%, riba ya Benki Kuu ikiwa 13%, halafu kuanzia Agosti mwaka ule riba ikaanza kushushwa hatua kwa hatua. Riba zikishuka bondi za zamani zinapanda bei. Kwa hiyo kila aliyekuwa amekaa kwa bondi alipanda, hata aliyelala. Meneja wenu alipanda matatu ile ile na kila mtu, na sasa anataka alipwe kama dereva.

Mwulizeni vitu viwili kwa maandishi. Kwanza, faida ile ni kiasi gani kilichotokana na kuponi na kiasi gani ni bei ya sokoni kupanda? Hiyo ya pili ni ya mara moja, umeshaikula, hairudi mwakani. Pili, hizi bondi zikiiva pesa itawekwa wapi, kwa riba gani? Mwenye 18.46% mkononi ako sawa kwa miaka yake 8 na nusu, lakini mwanachama wenu aliye na miaka 30 hujui atapewa nini baada ya hapo. Kama watu wenu wengi wako chini ya 40, hiyo 78 naona ni nyingi sana. Kama nusu wanastaafu ndani ya miaka 7, iacheni.

Kuhusu dola. Mnakumbuka Januari 2024? Dola ilikuwa karibu shilingi 160 na kila mtu alikuwa na binamu anayenunua dola. Watu walikuwa wanaogopa Eurobondi (deni la serikali la dola) iliyokuwa inaiva Juni, ya dola bilioni 2, haitalipika. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 mpya ikanunua sehemu ya ile ya zamani, hofu ikaisha, shilingi ikarudi hadi kama 129. Aliyebadilisha kwa 160 alipoteza karibu 19% kabla hata hajanunua kitu huko ng'ambo. Na wakati huo huo hisa za Nairobi, ambazo hakuna aliyezitaka, zikapanda kama theluthi moja ndani ya 2024. Sisemi msiende ng'ambo, nasema mwende polepole, kidogo kila robo mwaka, na sababu iwe ni kutawanya, isiwe ni kukimbia. Anayekimbia hununua ghali kila mara.

Hapo kwa ada mimi singeongeza. Na akiwaletea bondi za kampuni zenye riba tamu kufidia riba iliyoshuka, ulizeni wazee wa skimu zingine kuhusu walioshika bondi ya Chase Bank benki hiyo ilipoanguka mwaka 2016.

Asalaam alaykum. Mimi ni mutawalli (msimamizi) wa wakfu mdogo hapa Mombasa, tuna maduka sita Mji wa Kale na pesa taslimu kiasi. Riba hatuli. Tumeambiwa tununue duka la saba. Una rai gani?

Waalaykum salaam sheikh. Kwanza niwaambie wasomaji wengine kwamba haya mambo ya Yale na kanuni za matumizi, wakfu ulishayasema zamani. Sayyidna Umar alipopata shamba la Khaybar akaenda kuuliza alifanye nini, akaambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, azuie asili yake na atoe matunda yake. Hiyo ndo sera ya uwekezaji kwa sentensi moja, na wenye ofisi za vioo wanaiandika kurasa 40.

Duka la saba mimi naona hapana, si kwa sasa. Mna maduka sita mtaa mmoja, mvua moja, soko moja, wapangaji wanaojuana. Mtaa ukilala nyote mnalala. Na nina swali la adabu: kodi ya maduka hayo ilipandishwa lini mara ya mwisho? Nimeona wakfu ambapo mpangaji analipa kodi ya enzi za baba yake na yeye amempangisha mtu mwingine kwa mara tano zaidi. Kurekebisha hapo kunaweza kuleta zaidi ya duka jipya bila kutoa hata shilingi.

Pesa taslimu, tengeni kwanza ya ukarabati, nyumba za mawe na chokaa hazisubiri. Inayobaki kuna sukuk siku hizi (kama bondi ila bila riba), Tanzania KCB walitoa Fursa Sukuk 2022, na kwenu Linzi Sukuk ya nyumba iliingia soko la Nairobi 2024. Bado ni chache na hazichangamki kuuzwa tena, kwa hiyo ingieni na hela ambayo mnaweza kuisahau, na mwulize sheikh wenu wa fatwa aangalie nyaraka zenyewe, asiangalie jina tu.

Mwandishi mambo vipi. Saccos yetu kuna kampuni imekuja inatoa 5% kwa mwezi, uhakika, wanasema wanatrade forex. Mjumbe wetu ameshaweka zake na analipwa vizuri. Tuweke milioni 50?

Hapana. 5% kwa mwezi ukiiacha izae ni karibu 80% kwa mwaka. Mtu mwenye uhakika wa 80 anakuja kwenu kutafuta nini, si aende benki akakope kwa 18 awe tajiri peke yake? Na mjumbe kulipwa si ushahidi, DECI, ule mchezo wa upatu, nayo ililipa watu vizuri kabisa hadi 2009 ilipofungwa. Nendeni CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, mkaulize leseni yao. Na huyo mjumbe asikae kwenye kikao mnapoijadili, kama analipwa kwa kuwaleta mtajuaje?

Naomba kuuliza, kikundi chetu (tumesajiliwa) kinaweza kununua bondi ya serikali kwa jina la kikundi au lazima mtu mmoja awe mwenye jina?

Kwa jina la kikundi, na tafadhali msithubutu kutumia jina la mtu mmoja hata kama ni mchungaji. Kiwango cha kuanzia ni 1,000,000. Nendeni kwa broka wa DSE (soko la hisa la Dar) au benki inayofanya kazi hiyo mkafungue akaunti ya CDS, ile inayotunza bondi na hisa zenu, bebeni cheti cha usajili, katiba, namba ya mlipakodi, vitambulisho na picha za watia saini, na muhtasari wa kikao kilichoamua. Huo muhtasari ndo unarudishwa mara nyingi, utakuta umechapwa vizuri lakini haujapigwa muhuri, au katibu kasaini na mwenyekiti hajasaini, mnada unapita mnasubiri mwingine. Pigeni muhuri kabisa kabla hamjatoka nyumbani.